Mwaka Tuliosema Jirani Amefunga Mvua

Mwenye nyumba wangu wa hapa Mwankoko anaongeza vyumba uani, kwa hiyo kwa muda sasa tumeishi na matofali. Vijana wanakanyaga udongo tangu asubuhi, wanajaza kalibu, wanaipindua, wanaivuta taratibu, na tofali linabaki pale chini linang'aa kama mkate uliopakwa mafuta. Mimi hupita pembeni na ndoo yangu ya maji nikienda bafuni, nikijibana ukutani nisije nikakanyaga kazi ya mtu. Mwezi uliopita wingu lilijitokeza upande wa ziwa, jeusi, la ghafla, kama yalivyo mawingu ya hapa kwetu mwanzoni mwa msimu, ambayo mara nyingi hutisha tu na kuondoka. Kijana mmoja aliyekuwa ameinama aliinuka, akashika kiuno, akaliangalia lile wingu, akaliambia kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemsihi askari wa barabarani: "Si leo, mzee. Njoo wiki ijayo."

Wenzake wakacheka. Mimi nilibaki nimesimama na ndoo, maji yananimwagikia miguuni, kana kwamba nimeitwa jina langu katikati ya umati.

Samahani, rafiki yangu, kwa kukuanzia na matofali. Nilikusudia kuanza na jambo zito zaidi. Nimeandika mwanzo wa habari hii mara nyingi nikaufuta, kwa sababu nilitaka ianze na swali la kifalsafa, swali lililosimama wima, ili ujue kwamba unaongea na mtu anayejua anachosema. Ndivyo nilivyo, na sijivunii. Ninafanya kazi kwenye duka la stesheneri karibu na stendi, nachapa barua za watu na kutoa kopi, na karibu yote ninayoyajua kuhusu kufikiri nimeyaokota humo: vitabu vilivyosahauliwa kaunta, tasnifu za wanafunzi ninazozisoma wakati mashine inazitoa, kurasa zikiwa bado za moto. Hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo kila wakati naogopa kwamba nimeelewa vibaya na kwamba kila mtu ameshagundua isipokuwa mimi. Naweza kukaa na sentensi moja jioni nzima mpaka chai inaota utando. Lakini kijana yule alipolisihi wingu, nilijua kwamba swali langu mimi halikutoka kwenye tasnifu ya mtu. Lilitoka kwa Bibi, kwenye kitongoji kidogo mbele ya Ulemo, mwaka ule tuliosema jirani amefunga mvua.

Mama alinipeleka kwa Bibi nikiwa sijaanza shule, naye akarudi mjini kutafuta kazi. Bibi alikaa kwenye tembe, nyumba ndefu ya udongo yenye paa la udongo, fupi kiasi kwamba mbuzi mtundu aliweza kupanda juu kwa upande wa nyuma. Juu ya paa hilo ndiko tulikoanika kila kitu: majani ya mlenda, maboga yaliyokatwakatwa, karanga. Asubuhi ilianza na sauti ya Bibi akikoroga uji wa uwele, mwiko ukigonga ukingo wa chungu, na harufu ya moshi wa kuni mbichi ambayo mpaka leo nikiinusa najisikia nimechelewa shule. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, mlenda unaovutika kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni kama kamba, na Bibi alinicheka kwa sababu mimi nilitaka ukatike vizuri usiniguse kidevu. Nilikuwa nafuta kidevu kila tonge. "Mke mwenzangu huyu," alikuwa anasema, "ataolewa na kitambaa."

Nilikuwa mtoto wa maswali. Sisemi hivyo kujisifu. Maswali yangu yalikuwa kama kuwashwa. Bibi aliyavumilia kwa sharti moja: hakuna kuuliza ukiwa umekaa bure. Ukitaka kuuliza, shika kazi. Kwa hiyo msimu wa kupura alizeti ulikuwa ndio msimu wangu mkubwa. Tulitandika turubai uani, tukamwaga vichwa vya alizeti vilivyokauka, tukaketi kila mtu na fimbo yake, tukapiga. Mbegu nyeusi ziliruka kila upande, kuku wakazikimbilia, vumbi lile la alizeti likatuingia shingoni likatuwasha, na katikati ya mapigo hayo mimi nikauliza. Kwa nini mwezi unatufuata? Mbuzi anajua kwamba ni mbuzi? Mtu akilala, yule anayeota ni nani? Bibi alijibu machache. Mengine aliyapiga kwa fimbo pamoja na alizeti na kusema, "Ndivyo ilivyo."

Shuleni kulikuwa na jibu jingine. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na darasa lililojaa mpaka dirishani, na swali lolote ambalo halikuwa kwenye somo alilipa jina moja: nje ya mada. Nilikuwa nje ya mada mara nyingi sana, mpaka wenzangu wakaanza kuniita hivyo. Nje-ya-Mada, njoo tucheze.

Mtu wa tatu alikuwa jirani. Alikuwa ametoka upande wa Ikungi, Mnyaturu aliyeoa kwetu Unyirambani akaamua kubaki, mwembamba, mwenye mguu mmoja ulioumia zamani ambao aliuburuta kidogo. Nilimwita mjomba ingawa hatukuwa na undugu wowote. Yeye ukimuuliza jambo alisimamisha kazi yake, akalifikiria kweli kweli, kisha akasema, "Sijui. Tuangalie." Na mkaenda kuangalia.

Nikupe mfano mmoja. Bibi alinifundisha kwamba kuku akinywa maji huinua kichwa juu ili amshukuru Mungu. Nilimpelekea jirani habari hiyo. Akasema hajui, tuangalie. Tukaweka bakuli la maji uani kwake tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Kuku walikuja, wakanywa, wakainua vichwa, wakashukuru vizuri kabisa. Kisha akatua njiwa. Njiwa alitumbukiza mdomo akanywa moja kwa moja, akashiba, akaruka zake bila hata kutazama mbingu. Jirani akanitazama, nami nikamtazama. Nilikimbia mpaka nyumbani na kumwambia Bibi kwamba njiwa hana shukrani. Bibi hakusita hata kidogo. "Njiwa anashukuru moyoni," akasema, akaendelea kupepeta.

Nilipomrudishia jirani jibu hilo alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alisema jambo ambalo nimeligeuzageuza tangu wakati huo. Alisema Bibi yangu amejenga ukuta usio na mlango, na ukuta wa namna hiyo unaukuta kwa kila mtu, hata kwake yeye, ila wa kwake yeye hajui uko wapi.

Mwaka ule ninaotaka kukusimulia, paa la tembe lake lilikuwa limeanguka kona moja kwenye masika yaliyotangulia, na mke wake alikuwa ameapa kwamba hatapika tena chini ya udongo unaodondoka chunguni. Kwa hiyo jirani aliamua kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma. Alianza kwa kuchelewa, mguu ulimsumbua, na wakati watu wengine walioanza mapema walikuwa wameshachoma ya kwao, ya kwake yalikuwa bado mabichi, yamepangwa safu kwa safu kwenye uwanja ulio kati ya nyumba yake na kisima, yamefunikwa nyasi. Nilimsaidia kuyageuza baada ya shule. Nilipenda kuyageuza. Nilipenda kwamba yote yalikuwa sawa, na lile lenye pembe iliyovunjika nililiweka mwisho wa safu ili lisinisumbue macho.

Mvua ikachelewa. Kwetu mvua kuchelewa siyo habari, lakini watu huanza kuizungumzia mapema ili isije ikaonekana wameshtukizwa. Mchana mmoja kisimani tulikuwa wengi, foleni ya ndoo, wanawake wameketi juu ya ndoo zao. Jirani akaja na dumu lake, anakokota mguu. Mke wa mwenyekiti wa kitongoji akamkaribisha kwa sauti kubwa: "Wewe Mnyaturu, mvua yetu umeificha wapi?"

Kama hujakulia kwetu huenda usijue kwamba hayo si matusi. Mnyaturu na Mnyiramba ni watani. Mtani anaweza kukuambia hata msibani kwako jambo ambalo ndugu yako wa damu akilisema mtaacha kusalimiana, nawe unatakiwa ujibu vikali zaidi. Jirani alikuwa hodari wa hilo. Akaweka dumu chini polepole, akainama kama mwenye siri.

"Nimeifunga kwenye kibuyu, shemeji. Kiko chini ya kitanda. Matofali yangu yakikauka, nafungua."

"Fungua kidogo tu basi," Bibi akadakia, "hata ya kunawa miguu. Ona miguu ya shemeji zako ilivyopauka."

"Ya kwako, mama, nikikufungulia hata ziwa zima halitatosha."

Kisima kizima kilicheka. Bibi alicheka mpaka akagonga ndoo yake iliyokuwa imejaa, maji yakamwagika yote, na akacheka tena kwa sababu ya hilo, akijipangusa machozi kwa ncha ya kanga. Nimeikumbuka picha hiyo mara nyingi kuliko picha nyingine yoyote ya utoto wangu: Bibi amefungua mdomo wazi, meno yake machache yanaonekana, maji yanakimbia kwenye vumbi.

Baada ya hapo jua likakaa. Watu walikuwa wameshapanda kwenye vumbi, maana ukisubiri ardhi ilowe kwanza msimu wetu mfupi utakuacha. Unafukia mbegu kwenye udongo mkavu unaomba mvua iikute. Bibi alifukia mbegu zake zote, mtama na alizeti, hakuacha hata kibaba ndani, kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa ameacha na panya wakala. Kila asubuhi alikwenda shambani, akachimba kidogo kwa kidole, akaitazama mbegu moja, akaifukia tena. Mchwa walianza kuzibeba. Kuku tuliwafungia ndani wasifukue. Uji ukawa mwepesi, kisha ukawa wa jioni tu. Anga lilikuwa la buluu kali, zuri, la kuchukiza.

Sijui ni nani aliyeanza. Nimejaribu kumtafuta kichwani kama mtu anayetafuta mahali bati linapovuja, na simpati. Nakumbuka tu kwamba siku moja mtu alisema, huku akicheka nusu, kwamba yule si alisema mwenyewe. Siku nyingine mtu mwingine aliyarudia bila kucheka. Maneno yalikuwa yale yale, kibuyu, kitanda, matofali yakikauka nafungua. Ila kicheko kilikuwa kimekauka, na bila kicheko yalisikika kama maneno ya mtu mwingine kabisa. Na kweli matofali yalikuwa pale, kila mtu alipita kando yake akienda kisimani, makavu, yamejipanga, yanasubiri kuni. Nani mwingine kitongojini aliyekuwa na sababu ya kutotaka mvua? Ukiliuliza hivyo unaona jinsi lilivyokuwa na akili. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi siku hizi, rafiki yangu: halikuwa wazo la wajinga. Lilikuwa na sababu, lilikuwa na maneno ya mtuhumiwa mwenyewe, lilikuwa na mashahidi. Tasnifu ngapi nimezitoa kopi zenye ushahidi mdogo kuliko huo.

Bibi akaacha kunituma kwa jirani na bakuli la mlenda. Nilimuuliza kwa nini, nikiwa nimeshika kazi kama sharti lilivyotaka, nachambua mboga. Akasema nimalize mboga.

Mkutano uliitwa uani kwa mwenyekiti, alasiri. Nilimfuata Bibi nikiwa nimembebea kigoda chake, nikakaa miguuni pake upande wa wanawake. Usidhani kulikuwa na kelele au fimbo. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alimsalimu jirani kwa heshima, akamuulizia mguu, kisha akasema maneno ambayo leo nikiyasikia popote, kanisani, redioni, kwenye makundi ya simu, natamani kuondoka. Alisema, "Hatumshitaki mtu. Tunauliza tu."

Akauliza kama ni kweli alitamka kwamba ameifunga mvua. Jirani akasema alitamka. Akaongeza kwamba alitamka kwa utani, na kwamba waliokuwepo wapo hapa. Akageuza uso akatazama upande wetu.

Nilingoja. Mke wa mwenyekiti alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. Wengine walimtazama mtoto aliyekuwa analia pembeni. Bibi alikuwa amechukua kijiti, anakwangua udongo mkavu kwenye kisigino chake, kwa uangalifu mkubwa, kama ndiyo kazi iliyomleta. Nilisikia sauti ya kile kijiti. Nilisubiri aseme, kwa sababu alikuwa mkubwa na mimi mdogo, na mdogo hasemi kwenye mkutano. Kisha nikasimama.

"Ulikuwa utani," nikasema. "Bibi alicheka mpaka ndoo ikamwagika."

Watu waligeuka. Mwenyekiti hakukasirika, alikunja tu uso kama mtu aliyesikia mlango ukijipiga. "Mtoto huyu ni wa nani?"

"Ni wangu," Bibi akasema, akanivuta mkono nikakaa. "Ana homa."

Wanawake walionikaribia wakanigusa paji la uso, mmoja mmoja, wakasema kweli, ana joto. Na mimi, niamini, nikaanza kujisikia joto.

Jirani hakungoja aambiwe. Alitutazama kidogo, akavuta pumzi, akasema kama ni matofali basi matofali si kitu, twende. Alikwenda mwenyewe akachukua jembe, akaondoa nyasi, akaanza kwenye safu ya kwanza. Tofali bichi likipigwa halilii kama la kuchoma; linatoa sauti ya kitu laini kinachojikunja. Baada ya muda wanaume wengine wakamsaidia, kwa adabu, wakimwambia apumzishe mguu. Walivunja yote. Mtu mmoja alimletea maji ya kunywa. Walipomaliza walimshukuru na kumpa mikono.

Na mvua ikanyesha.

Natamani ningeweza kukuambia kwamba haikunyesha. Habari hii ingekuwa rahisi, na mimi pengine ningekuwa mtu mwingine, mtulivu. Haikupita wiki. Ilikuja mchana, kubwa, ya kutoka pande zote, paa la tembe likaanza kunukia, watu wakatoka nje wakasimama tu kwenye mvua wakicheka. Bibi alikimbilia shambani bila kitu kichwani. Udongo wa matofali yaliyovunjwa ulitiririka mwekundu mpaka kisimani, na kwa siku kadhaa tulikunywa maji yenye rangi hiyo.

Ushahidi wangu kuhusu njiwa na kuku lilikuwa kitu gani mbele ya hilo? Walijaribu jambo, na jambo likatokea. Walikuwa wameangalia, kama jirani mwenyewe alivyonifundisha kuangalia.

Nilikwenda kwake mvua ilipopumua. Alikuwa ameketi mlangoni ananyoosha mguu, anautazama ule uwanja uliokuwa sasa tope tupu. Nikamwamkia. Akaitika. Nilikaa, nikatafuta kitu cha kushika mikononi nisiulize bure, nikashika kalibu yake iliyokuwa imetupwa pale.

"Mjomba, uliifunga?"

Nilijua atakachosema. Nilikuwa nimekuja kukisikia. Lakini hakukisema.

"Kila asubuhi nilikuwa natoka hapa," akasema, "naangalia mawingu, nasema moyoni, si leo. Kila asubuhi. Na hayakuja." Akaitazama kalibu mikononi mwangu. "Sasa hilo unaliitaje?"

Nikamwambia, "Tuangalie."

"Tuangalie nini, mama?"

Hakuna aliyemfukuza. Hilo nalo liandikwe. Kinyume chake, walimheshimu. Waliokuwa wakimtania walianza kumwamkia kwa sauti za chini, wakimpisha kwenye foleni ya kisima ingawa hakuomba, na msimu uliofuata, mawingu yalipochelewa kidogo, mzee mmoja alikwenda kwake kwa siri na jogoo, akimsihi afungue. Jirani alimrudisha yule jogoo kwa mwenyewe. Pale kisimani alijaribu kumtania mke wa mwenyekiti, nilikuwepo, akamwambia jambo la kuchekesha kweli kuhusu ndoo yake, mama yule akatabasamu kwa hofu akasema, "Ndiyo, baba." Ndiyo, baba. Mtani wako akikuitikia hivyo huna tena mahali pa kukaa. Kabla ya mavuno jirani na mke wake walifunga vitu vyao wakaondoka, wengine walisema Ikungi, wengine walisema mbali zaidi. Nilikuwa shuleni. Niliporudi mlango wa tembe ulikuwa umeegeshwa kwa gogo.

Kwa hiyo Jumamosi moja, baada ya yule kijana wa kalibu na wingu lake, niliomba ruhusa dukani nikapanda basi la Kiomboi. Nilishuka Ulemo nikachukua pikipiki. Njia nzima nilikuwa napanga swali, nalinyoosha, nalipunguza maneno. Kijana wa pikipiki ni wa huko huko, amezaliwa baadaye, nikamuuliza kama amewahi kusikia habari ya mtu kufunga mvua kwa ajili ya matofali. Alicheka mpaka pikipiki ikayumba. "Dada, hizo ni imani za wazee. Mvua ni sayansi." Nikamuuliza sayansi inasemaje. Akafikiri, akasema yeye hajui ila wanaojua wapo. Nilicheka naye, mpaka niliposikia ndani ya maneno yake sauti ya fimbo ikipiga alizeti, ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyo. Yeye amerithi jibu jingine tu, lililo sahihi zaidi, na amelirithi kwa njia ile ile. Na mimi je? Ninayoyajua kuhusu pepo na bahari na mawingu niliyasoma kwenye karatasi za watu nikaziamini kwa sababu zilikuwa zimechapwa vizuri. Nyingine nilizichapa mwenyewe.

Kisima kimefunikwa zege, kuna bomba. Nilisimama pale kidogo. Watu wawili watatu walikuwa wanakinga maji, kila mmoja anatazama simu yake, wakanisalimu vizuri. Hakuna aliyemtania mwenzake. Nilijiambia kwamba labda ni kwa sababu ya mgeni, yaani mimi. Uwanja wa jirani umelimwa, una choroko. Tembe la Bibi halipo. Wajomba wamemjengea nyumba ya bati, ya matofali ya kuchoma.

Bibi hasikii vizuri siku hizi lakini mikono bado inafanya kazi. Nilimkuta anapepeta uwele, nikamwamkia, nikaketi, nikachukua ungo wa pili. Alinisifu unene, akanilaumu kwa kutoolewa, akaniuliza kama kitambaa changu hakijaleta mahari. Nikangoja mpaka ungo ushike mwendo. Swali langu nililolipanga njia nzima lilikuwa limeshapotea. Likatoka jingine.

"Bibi, siku ile ya mkutano, mbona hukusema? Ulikuwepo kisimani."

Sikuhitaji kumweleza siku ipi. Aliendelea kupepeta, pumba zinaruka, ungo unapanda na kushuka.

"Nilikuwa na mbegu ardhini," akasema.

Kisha akaweka ungo chini, akanitazama. "Na wewe ulijuaje kwamba hakuifunga?"

"Ulikuwa utani, Bibi."

"Utani ulikuwa utani. Nakuuliza mvua."

Nina majibu mazuri siku hizi, rafiki yangu, nina maneno makubwa ya kutosha. Lakini hakuniuliza ninachojua leo. Aliuliza yule mtoto aliyesimama mkutanoni alijua nini, na miaka yote hii nimeishi nikiamini kwamba siku ile mimi peke yangu nilikuwa na akili iliyofunguka.

"Sikujua," nikasema. "Nilikuwa nampenda."

"Hata mimi nilimpenda," akasema Bibi, akachukua ungo wake.

Nimerudi Mwankoko. Matofali ya mwenye nyumba yamechomwa, wingu lile halikufanya kitu, na mimi kila jioni nakaa na karatasi hii. Niliandika kwamba Bibi alikosea, nikafuta. Nikaandika kwamba Bibi aliogopa, nikaona ni kweli lakini ni kweli ya mtu aliyeshiba, nikafuta. Nilitaka kumaliza na kitu ambacho hakuna atakayekitoboa, na sikukipata. Ninachojua ni hiki tu: mwaka ule mvua iliikuta mbegu yake, mtama ulijaa, alizeti ikainama kwa uzito, na mimi ndiye niliyekula.